Usiku, Mwili na Haki ya Mwenye Kukesha



Mji wa Songea unapolala, haulali wote. Katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wauguzi wanapita kitanda hadi kitanda. Mbele ya maduka na mabenki walinzi wamejifunika makoti mazito, kwani usiku wa nyanda hizi za juu, hasa katika miezi ya Juni na Julai, una baridi ya kupenya mifupani. Barabarani madereva wa malori yabebayo makaa ya mawe ya Mbinga wanakaza macho gizani. Na tangu mwaka 2023, Serikali iliporuhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku, wamo pia madereva wa mabasi ya masafa marefu. Tena tangu mwaka 2018, mji ulipounganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya umeme itokayo Makambako, taa na mashine hazina tena sababu ya kuzimwa mapema.

Wengi wa watu hawa hukesha kwa zamu. Juma hili ni usiku, juma lijalo ni asubuhi, na juma la tatu ni alasiri mpaka usiku. Kisha mzunguko huanza upya. Wengine, hasa walinzi, hukesha mfululizo miezi na miaka, na mchana hutakiwa waishi kama watu waliolala.

Basi swali tunalotaka kulitazama ni hili: Je, mtu afanyaye kazi ya namna hiyo anaudhulumu mwili aliopewa na Mola wake? Na ikiwa kazi yenyewe ni ya lazima, ili mgonjwa asife peke yake na duka lisivunjwe, ni nani atakayedaiwa haki ya mwili huo? Swali hili si la waganga peke yao. Islam yafundisha kwamba mwili ni amana, na kila amana ina mwenyewe na ina hesabu yake.

Saa isiyotengenezwa na fundi

Sisi tusemao Kiswahili tuna bahati ya kuwa na hesabu ya saa inayolifuata jua. Saa moja ya asubuhi kwetu ni kiasi cha saa moja tangu jua kuchomoza, na saa moja ya usiku ni kiasi cha saa moja tangu jua kutua. Wageni wengi hutatizika kwa hesabu hiyo, lakini yafaa sana katika nchi zilizo karibu na Ikweta, ambako urefu wa mchana na wa usiku haupishani sana mwaka mzima. Elimu ya siku zetu imethibitisha kwamba mwili wa binadamu nao unahesabu kwa kuangalia mwanga na giza.

Mwaka 1729 mtaalamu wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliuweka mmea wa namna ya kifauwongo mahali penye giza. Aliona kwamba majani yake yaliendelea kufunguka wakati wa mchana na kujikunja wakati wa usiku, ingawa mmea haukuliona jua. Kwa hiyo ilidhihirika kwamba kipimo cha wakati kilikuwa ndani ya mmea wenyewe. Miaka mingi baadaye ilijulikana kwamba wanyama na wanadamu wanacho kipimo hicho pia. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza namna kinavyofanya kazi. Walimchunguza inzi mdogo wa matunda, wakaona kwamba ndani ya chembe za mwili wake hutengenezwa protini ambayo hulimbikizana usiku. Ikishakuwa nyingi huzuia utengenezaji wake yenyewe, na inapokwisha kuvunjika kazi huanza tena. Mzunguko huo huchukua muda wa kama saa 24.

Ndani ya ubongo wa mtu, juu kidogo ya mahali inapopishana mishipa itokayo machoni, pana kundi dogo la chembe zipatazo 20,000. Hizo ndizo mkuu wa zamu wa mwili mzima. Hupokea habari za mwanga kutoka machoni, na kwa habari hizo huongoza saa nyingine zilizomo katika ini, kongosho, moyo na tumbo. Giza likiingia, huruhusu itoke homoni iitwayo melatonini, inayoutayarisha mwili kwa usingizi. Joto la mwili hushuka polepole mpaka kufikia kiwango cha chini kabisa karibu na alfajiri, kiasi cha saa kumi au saa kumi na moja. Huo ndio wakati mlinzi anapoona kichwa kikimwelemea, hata kama alikuwa macho kabisa saa sita ya usiku.

Huenda msomaji akasema kwamba mwili huzoea. Ni kweli, lakini kwa kiasi, na miili haifanani. Mwaka 1938 Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na mwanafunzi wake Bruce Richardson, waliishi siku 32 ndani ya pango la Mammoth, katika jimbo la Kentucky, ambako jua haliingii. Walijipangia siku ya saa 28 badala ya 24. Yule kijana alifaulu kuizoea siku hiyo ngeni. Kleitman, ambaye alikuwa amepita miaka arobaini, hakuizoea. Joto la mwili wake liliendelea kupanda na kushuka kwa mzunguko wa saa 24. Basi tusimcheke mwenzetu anayeshindwa na zamu ambayo sisi tunaiweza, wala tusimwite mvivu.

Na mfanyakazi wa zamu ana shida kubwa kuliko ya wale wawili wa pangoni. Asubuhi anaporudi nyumbani, jua la Songea linampiga usoni na kuiambia saa ya mwili wake kwamba sasa ni mchana. Siku yake ya mapumziko hukaa na mkewe na watoto wake kwa saa za mchana kama watu wote. Saa ya mwili haiwezi kuruka usiku mmoja kutoka upande huu hadi upande wa pili. Husogea kidogo kidogo siku hata siku. Inapoanza kusogea, zamu imekwisha badilika. Ndiyo maana wengi wa wafanyao kazi usiku, hata baada ya miaka mingi, hubaki na miili ya mchana.

Chakula cha usiku wa manane

Madhara ya hali hiyo hayaishii kwenye usingizi. Yanaingia katika chakula na namna mwili unavyokitumia.

Mwili haukipokei chakula kwa namna moja saa zote. Mchana kongosho huwa tayari kutoa insulini, na nyama za mwili huwa tayari kuipokea sukari itokayo katika ugali au wali. Usiku utayari huo hupungua. Sahani ile ile ya ugali na maharage, ikiliwa saa nane ya usiku, huiacha sukari katika damu kwa kiwango kikubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko ikiliwa saa nane ya mchana.

Mwaka 2009 wataalamu wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu kumi waliokaa maabarani kwa siku kadhaa huku saa zao za kula na kulala zikisogezwa mpaka zikapinduka kabisa. Walipokuwa wakila na kulala kinyume cha saa ya mwili, sukari katika damu yao iliongezeka kwa asilimia 6 na insulini kwa asilimia 22. Homoni inayoleta hisia ya kushiba ilipungua kwa asilimia 17, na shinikizo la damu likapanda. Watatu kati ya wanane waliokamilisha kipimo cha sukari baada ya kula walionekana kama watu walio mlangoni mwa ugonjwa wa kisukari, na hawa hawakuwa wagonjwa.

Hayo ni ya siku chache. Na ya miaka mingi je? Mwaka 2011 ilitangazwa habari ya wauguzi wanawake wa Marekani zaidi ya 170,000 waliofuatiliwa kwa muda wa miaka kama ishirini. Waliofanya zamu za usiku zinazobadilika kwa miaka 20 au zaidi walipatikana na hatari ya kisukari iliyozidi kwa asilimia 58 ile ya wenzao ambao hawakufanya kabisa. Na kadiri miaka ya zamu ilivyokuwa mingi, ndivyo hatari ilivyokuwa kubwa. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na kunenepa, lakini si lote. Kadhalika, mwaka 2007, na tena mwaka 2019, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya zamu za usiku katika daraja la mambo ambayo yamkini husababisha saratani kwa binadamu.

Hatuandiki haya ili kumtisha mtu. Si kila akeshaye ataugua, na kisukari kina sababu nyingi. Lakini mtu akichukua mzigo kwa niaba ya wengine, ni haki aujue uzito wake, na ni haki wale aliowabebea waujue pia.

Je, kazi ya usiku ni dhambi?

Sasa tuyatazame mafundisho. Katika Sura An-Naba Kurani Tukufu inatukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu amefanya usingizi kuwa mapumziko, na usiku kuwa kama vazi, na mchana kuwa wakati wa kutafuta maisha. Na katika Sura Al-Qasas wanadamu wanaulizwa: kama Mwenyezi Mungu angeufanya mchana udumu juu yao mpaka Siku ya Kiyama, ni mungu gani mwingine angewaletea usiku wa kupumzikia? Zamani wengi walilisoma swali hilo kama mfano wa jambo lisiloweza kutokea. Leo tunaishi chini ya taa za umeme, na twaweza kuufahamu uzito wake. Tumejaribu kujitengenezea mchana usiokoma, na miili yetu inatoa ushahidi kwamba usiku ulikuwa neema.

Mtu asiyetazama mbele zaidi aweza kusema: basi kazi ya usiku imekatazwa. Sivyo hata kidogo. Sura Ar-Rum inahesabu miongoni mwa ishara za Mungu usingizi wa wanadamu wakati wa usiku na wakati wa mchana pia, na kutafuta kwao fadhili Zake. Muumba Aliyejua kwamba usiku ni wa kulala Alijua pia kwamba watakuwako watu watakaolazimika kulala mchana, wala Hakuwatoa katika rehema Yake.

Zaidi ya hayo, Mtukufu Mtume s.a.w. alimpa heshima kubwa mwenye kukesha kwa ajili ya amani ya wengine. Alifundisha kwamba macho ya namna mbili hayataguswa na Moto: jicho lililolia kwa kumwogopa Mungu, na jicho lililokesha likilinda katika njia ya Mungu. Na Hazrat Umar r.a., akiwa Khalifa na mtawala wa nchi nyingi, alikuwa na desturi ya kuzunguka Madina usiku ili ajionee mwenyewe hali za watu. Basi muuguzi akeshaye kando ya mgonjwa, na mlinzi aketiye mlangoni pa mali ya watu kwa uaminifu, wasijione duni. Wakiikusudia kazi yao kwa ajili ya Mungu, kukesha kwao kwaweza kuandikwa katika ibada.

Lakini tazama, ndugu msomaji, jinsi ulinzi ulivyopangwa zamani zile. Katika safari ya Dhat-ur-Riqa, Mtukufu Mtume s.a.w. aliuliza nani atakayewalinda usiku ule. Wakajitolea wawili, Ammar bin Yasir r.a. na Abbad bin Bishr r.a. Hawakukesha wote wawili usiku kucha. Waliugawa usiku: Ammar alilala sehemu ya kwanza na Abbad akalinda. Adui alipompiga Abbad kwa mishale, hakukosa mwenzi wa kumwamsha. Kazi ilikuwa ya hatari na watu walikuwa mashujaa, na hata hivyo haki ya kulala haikusahauliwa.

Na ibada ya usiku je?

Mchunguzi wa dini aweza kutuuliza: Je, ninyi Waislamu hamwambiwi mwamke usiku kusali Tahajjud? Kama kukesha kwadhuru, kwa nini dini yenu yakuhimiza?

Swali hili ni zuri, na jibu lake linaonyesha hekima ya Islam. Kwanza, Tahajjud ni sala ya kuamka baada ya kulala. Mtukufu Mtume s.a.w. hakupenda mazungumzo ya bure baada ya sala ya Isha. Alikuwa akilala mapema, kisha huamka katika sehemu ya mwisho ya usiku. Pili, yeye alipopata habari kwamba Abdallah bin Amr r.a. hufunga kila siku na kusali usiku kucha, alimkataza, akamfundisha kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki, na mke wake ana haki. Ikiwa kukesha mfululizo kwa ajili ya Mungu kulikatazwa kwa sababu ya haki ya mwili, tuseme nini juu ya kukesha mfululizo kwa ajili ya faida ya mwenye duka?

Tatu, Sura Al-Muzzammil, ambayo mwanzoni inataja kusimama usiku, inaishia kwa kuwahafifishia watu. Inataja wagonjwa, na wale wanaosafiri katika nchi wakitafuta fadhili za Mungu, na wale wapiganao katika njia Yake, na kuwaamuru wasome kile kilicho chepesi kwao. Dereva wa lori atokaye Ngaka, na akina mama na akina baba wanaotafuta riziki ya watoto wao usiku, wajione ndani ya aya hiyo. Mungu Amewaona kabla hawajazaliwa.

Na ikiwa bado una shaka, kumbuka usiku ule wa kurudi kutoka Khaibar. Msafara ulikuwa umechoka sana, na Mtukufu Mtume s.a.w. akamwagiza Bilal r.a. awalindie alfajiri wenzake walipolala. Bilal akasali kadiri alivyoweza, na alfajiri ilipokaribia akaegemea ngamia wake, uso wake ukielekea upande jua litokako. Saa ile ile ambayo wataalamu wa leo wameitambua kuwa ni ya hatari kwa kila mlinzi, usingizi ukamshinda. Wote wakaamshwa na joto la jua. Bilal alijieleza kwamba Yule Aliyeishika nafsi ya Mtume ndiye Aliyeishika nafsi yake pia. Mtukufu Mtume s.a.w. hakumtukana wala hakumwadhibu. Walisogea kidogo, wakatawadha, wakasali. Hilo ni funzo kwa kila mkubwa wa kazi anayemkuta mlinzi wake amesinzia saa kumi na moja ya alfajiri: kabla hujamfukuza, jiulize umemkesha usiku ngapi mfululizo, na kama ulimpa mwenzi wa kumpokea.

Uchovu si ukosefu wa imani

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake mashuhuri juu ya falsafa ya mafundisho ya Islam, iliyosomwa mjini Lahore mwezi Desemba 1896, alieleza kwa urefu kwamba hali za mwili huathiri hali za roho, na kwamba kwa sababu hiyo Kurani Tukufu imeshughulika na kula, kunywa na mambo mengine ya mwili. Wenye kuifikiria dini kama jambo la roho peke yake hushangazwa na mafundisho hayo. Mfanyakazi wa usiku hashangai; yeye ameyaona kwa macho yake.

Wapo ndugu waliojiunga na Jumuiya kwa shauku kubwa, kisha wakahamishiwa zamu za usiku. Baada ya miezi michache wanasema: moyo wangu umekuwa mgumu, nasali bila utamu, nawakaripia watoto kwa jambo dogo, huenda imani yangu imepungua. Kabla ya kujihukumu, ndugu, angalia usingizi wako. Mtu aliyenyimwa usingizi hukasirika upesi, husahau, hupenda vyakula vitamu na vyenye mafuta, na huona dunia nyeusi. Mtukufu Mtume s.a.w. mwenyewe aliagiza kwamba anayesinzia ndani ya sala alale kwanza, asije akataka kuomba msamaha na ulimi wake ukajilaani. Kulala kwa nia ya kuamka na kumwabudu Mungu kwa akili timamu si upungufu wa dini. Hata hivyo, asilifanye hili kuwa kisingizio cha kuacha Sala. Nyakati za Sala zina faida ya pekee kwake, kwa kuwa ni nguzo zisizohama wakati zamu zote zinahama.

Haki tatu

Basi turudi kwenye swali letu: nani adaiwaye haki ya mwili huu? Jibu letu ni kwamba wadaiwa ni watatu.

Wa kwanza ni mfanyakazi mwenyewe. Mwili ni amana mikononi mwake. Akimaliza zamu asiende moja kwa moja kuendesha bodaboda, wala, mvua za Ruvuma zinapoanza mwishoni mwa mwaka, asishike jembe shambani kutwa nzima bila kulala. Achague chumba chenye giza, atundike kitambaa kizito dirishani. Chakula chake kikubwa akile mchana au mapema jioni, na usiku wa manane apunguze. Mwaka 2021 uchunguzi wa watu 19 waliowekwa katika hali ya kazi ya usiku ulionyesha kwamba waliokula usiku walipandwa na sukari ya damu kwa asilimia 6.4, lakini wale waliokula mchana tu hawakupandwa, ingawa wote walikesha sawasawa. Katika Ramadhani jambo hili lahitaji uangalifu zaidi: mlinzi asijaze tumbo tangu Magharibi mpaka Alfajiri kwa hoja kwamba yu macho. Na aliye mgonjwa wa kisukari aonane na mganga wake na akumbuke ruhusa ambayo Mwenyezi Mungu Amewapa wagonjwa.

Wa pili ni mwenye kuajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inauhesabu usiku tangu saa mbili ya usiku hadi saa kumi na mbili ya asubuhi, na inaamuru alipwe mfanyakazi nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Inaagiza mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku ya kazi na nyingine, na saa 24 katika juma. Na inamkinga mama mjamzito katika miezi miwili kabla ya kujifungua, na miezi miwili baada yake. Hiki ndicho kiwango cha chini. Mwislamu anatakiwa avuke hapo. Mtukufu Mtume s.a.w. alifundisha kwamba walio chini ya mikono yetu wasitwikwe mzigo wasiouweza, na tukiwatwika tuwasaidie. Msaada wenyewe si mgumu: ongeza mlinzi wa pili ili usiku ugawanywe, toa ratiba mapema, panga zamu zifuate njia ya asubuhi, kisha alasiri, kisha usiku. Saa ya mwili wa binadamu kwa wastani huzidi kidogo saa 24, kwa hiyo kuchelewa kulala ni kwepesi kuliko kuwahi. Mtu aweza kuamka kusali Tahajjud nyumbani kwake huku mlinzi wake yuko nje kwa usiku wa mia bila siku moja ya mapumziko. Mtu huyo na atafakari ni nani kati yao aliye karibu zaidi na Mungu usiku huo.

Wa tatu ni sisi tulalao. Huyu hudhani hadaiwi kitu, kumbe anadaiwa kila asubuhi aamkapo salama. Tumlipe kwa nini? Kwa utulivu. Jirani aliyetoka zamu asipigiwe redio mlangoni. Watoto wafundishwe kunyamaza karibu na dirisha lake. Mkewe asitumwe kumwamsha kwa ajili ya mgeni wa maongezi. Vikao vya msikiti visipangwe siku zote saa ambazo yeye hawezi kufika, kisha tukamwandika kuwa mlegevu. Na tumtaje katika dua.

Ukiyaunganisha haya yote, ndugu msomaji, utaona kwamba Islam haikumfungia mtu mlango wa kazi ya usiku, wala haikumwacha peke yake gizani. Imekitukuza kitendo chake na imeuwekea mwili wake haki, na haki hiyo imeigawa katika mabega ya watu wote wanaofaidika naye. Mshahara hulipa saa za kazi. Afya iliyopungua hailipiki kwa mshahara. Hiyo inalipwa kwa uadilifu na huruma, ambavyo kila mmoja wetu anaweza kuvitoa.

Mwenyezi Mungu Aliyejaalia usiku kuwa vazi Awafunike kwa rehema Yake wote wanaokesha kwa ajili yetu, Awape usingizi mwema mchana, na Atuwezeshe sisi kuzitambua haki zao kabla hatujaulizwa. Amin.